Swali: Tumechanganya majina kwenye msimbo, Black itatunyooshea?

SWALI: Habari mtaalamu. Tuko watatu, tunajenga mfumo wa duka kwa Django (fremuweki ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti). Mimi naandika jumla_mauzo, mwenzangu jumlaMauzo, wa tatu totalSales. Mwalimu wetu wa kozi ya mtandaoni kasema tusihangaike, mwishoni tupitishe Black, ile programu ya kupanga msimbo wa Python, itanyoosha yote. Ni kweli?

JIBU: Si kweli hata kidogo mdogo wangu, na huyo mwalimu anawapoteza. Black inapanga nafasi, inakata mistari mirefu, inabadili alama za nukuu, basi. Majina haigusi, tena ikimaliza inahakikisha kabisa kwamba muundo wa programu ni uleule. Pylint, ile ya kukagua makosa kwenye msimbo, nayo italalamika tu "invalid-name", kurekebisha ni juu yenu.

Ila kinachoniudhi zaidi ni hii imani kwamba majina ni urembo, kila siku naletewa. Chukua mfumo wenu huohuo, kwenye modeli (klasi inayowakilisha jedwali la databezi) mmeandika jumla_mauzo, mwenzako kachoka anaandika ripoti.jumlaMauzo = 50000 halafu ripoti.save(), Python hailalamiki, inaibandika tu hiyo ripoti jina jipya, save inapita vizuri na kwenye databezi namba imebaki ileile ya zamani. Hamna eror wala nini. Mtashtuka siku mwenye duka analinganisha ripoti na hela za kwenye droo, na hapo mtatafuta kosa wiki nzima kwa sababu kwa macho majina yote mawili yanaonekana sawa.

Ubishi wa mtindo ulishamalizwa na PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python: fanksheni na vigeu ni jumla_mauzo, klasi ni RipotiYaMauzo, thamani zisizobadilika ni KIWANGO_CHA_VAT. Lugha chagueni moja, Kiswahili ni sawa kabisa, ila msichanganye.

Sasa wapo wengine watakaokuambia "tafuta na ubadilishe yote kwa mpigo". Wakimbieni hao. Hiyo inaingia mpaka ndani ya nukuu na kwenye funguo za JSON (majina ya data mnayotuma) ambazo app ya simu inazitegemea. Na kwenye Django ndo hatari kabisa, ukibadili jina la sehemu ya modeli, makemigrations (amri inayoandika faili la migration, yaani maelekezo ya kubadili databezi) inakuuliza kama umelibadili jina, y au N, wengi wanagonga Enter bila kusoma na Enter maana yake ni N, kwa hiyo migrate, amri inayotekeleza maelekezo hayo, inafuta safu ya zamani na data yake yote halafu inaweka mpya isiyo na data hiyo. Badilisheni jina mojamoja, jibuni y, someni faili la migration muone limeandikwa RenameField (badili jina), na nakala ya databezi iwe imeshachukuliwa kabla hamjagusa migrate.