Kwa nyie mnaoanza judo, hasa mliotoka kunyanyua vyuma

Wadogo zangu, kila mwaka naona kitu kilekile. Anakuja kijana kifua kimejaa, jimu anabenchi kilo 100, anashikana na binti wa kilo 57 mwenye miaka minne kwenye mkeka, dakika mbili tu yuko chini anahema. Sio kwamba ile nguvu ni feki, nguvu anayo, ila anaitumia yote kwa wakati mmoja, mikono imekakamaa, pumzi ameibana, na mtu aliyekakamaa ndo rahisi kuangushwa manake anasogea kama kabati, ukimsukuma juu na chini kunafuata. Mi nilikuwa hivyohivyo 2011 nilivyoanza na ilinichukua karibu mwaka mzima kulegea.

Cha kwanza ni kuanguka. Najua inaboa, wiki tatu unapiga mkono chini tu wakati wenzako wanarushana, lakini usiruke hatua. Kidevu kwenye kifua, mkono mzima upige mkeka kuanzia kiganja mpaka juu ya kiwiko, na usitangulize kiganja peke yake kujizuia, hapo ndo mikono na mabega yanapoondoka.

Halafu kuna kitu Wajapani wanaita kuzushi, yani kumtoa mtu kwenye balansi kabla ya kumtupa. Jigoro Kano aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882 alikuwa mfupi na mwembamba, kwa hiyo hii haikuwa mapambo kwake, bila hiyo asingemwangusha mtu. Chukua osoto gari, ule mtupo wa kufyeka mguu kwa nyuma. Wageni wote wanakimbilia kufyeka. Mguu ukiwa hauna uzito unafyeka hewa, na yeye anakugeuzia hapohapo anakutupa wewe. Mvute kwa mkono ulioshika mkono wa gi yake (nguo ya judo), msukume kwa mkono ulioshika kola mpaka usikie uzito wake umekaa kwenye kisigino, kifua chako kimegusa chake, NDO ufyeke. Ukifanya sawa utashangaa hujatumia nguvu kabisa.

Chini ni hivyohivyo. Juji gatame, ile ya kunyoosha mkono, watu wanavuta kwa mikono mpaka mishipa inawatoka. Kaa karibu na bega lake, bana magoti, kidole gumba chake kiangalie juu, halafu inua kiuno taratibu. Kiuno chako na mgongo dhidi ya kiwiko kimoja, hakuna anayeshinda hapo.

Sasa mkishaelewa hilo ndo tuongee vyuma, manake nguvu inahitajika sana tu, nani kasema haihitajiki. Ila mnafanya benchi na baisepu kila siku wakati kwenye mkeka kinachofanya kazi ni mshiko, mgongo, nyonga na shingo. Kwa mshiko tupia taulo kwenye bomba, ning'inia sekunde 20, seti nne, ukizoea anza kujivuta juu. Beba madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, tembea mita 30 mgongo umenyooka, pumzika, rudia. Kiroba cha mchanga ukumbatie, inuka nacho, kinafanana na mtu kuliko chuma chochote manake hakina pa kushika. Kama una jimu basi dedilifti na skwati, rudio tano tano, nzito lakini zisiharibu mkao. Siku mbili kwa wiki zinatosha kama mkeka ni siku tatu, na usipige miguu jioni ya kuamkia randori, yani kushindana mazoezini, utakuja umekufa na hutajifunza kitu. Shingo nenda nayo polepole, bonyeza kichwa kwa kiganja chako mwenyewe pande zote nne, hayo mabriji ya kichwani, ya kuinua mwili kwa kichwa na miguu, subiri kwanza.

Na kugonga, yani kumpiga mwenzio au mkeka kwa kiganja kuonyesha umekubali kushindwa. Hapa naomba mnisikie kabisa. Roba ikikaa vizuri mtu anazima kwa sekunde chache, haiumi hata, unaona giza tu. Kiwiko nacho hakitoi taarifa mara mbili. Mwaka 1951 Rio, Brazil, pale uwanja wa Maracanã, mwanajudo wa Japani Masahiko Kimura alimshika mkono Hélio Gracie wa jiujitsu ya Brazil, Gracie akakataa kugonga, mkono ukavunjika, pambano likaishia kwa watu wa kona yake kurusha taulo kukubali kushindwa. Wabrazil wakaiita ile mbinu Kimura kwa heshima. Watu wanahadithia kama ushujaa, sawa, ila we una kazi asubuhi na hakuna anayeangalia. Gonga mapema, gonga mara mbili mwenzio asikie, na ukigongewa achia SAA HIYOHIYO. Ntakutoa mkekani ukichelewa kuachia, sijali una mkanda gani.

Kata kucha, fua gi kila baada ya mazoezi, mabato yanaambukiza darasa zima.

Jumatatu njooni na taulo kuukuu kila mtu lake, bomba lipo nyuma ya ukumbi.