Nimetemwa Mara ya Nne, na Wewe Unataka Kuacha?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Dar es Salaam anayecheza besiboli aliniandikia: "Kaka, mwaka wa tatu huu kocha ananiingiza mwishoni tu. Niache?" Ujumbe ulinikuta nafunga begi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetemwa, mara ya nne ndani ya misimu sita.

Mimi ni mrushaji wa akiba, yaani wa kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, kwenye ligi huru (zile zilizo nje ya ligi kuu) za huku Marekani. Mchezo huanza bila sisi. Tunakaa pembeni kule karibu na uzio mpaka simu ya kocha ilie, ndipo tunapasha mkono upesi upesi tukazime moto uliowashwa na mwenzetu. Ukiuzima, wanaandikwa wengine. Mpira mmoja ukipigwa ukavuka uzio, umeipoteza mechi wewe. Meneja aliyenitema nilimrushia msimu mzima bega likiniuma, na aliniaga huku anasoma karatasi. Hilo halijanitoka moyoni.

Zamani niliona aibu kuhamahama. Aliyeniondolea aibu ni Octavio Dotel wa Jamhuri ya Dominika. Alicheza ligi kuu kuanzia 1999 hadi 2013, karibu muda wote akiwa wa akiba, kwa timu 13. Ilikuwa rekodi, mpaka Edwin Jackson alipofikisha timu 14 mwaka 2019. Mwaka 2010 pekee Dotel alivaa jezi tatu: Pittsburgh, Los Angeles, Colorado. Mwaka 2011 alianzia Toronto, Julai akapelekwa St. Louis, Oktoba akawa bingwa wa World Series, fainali ya ligi kuu. Je, angenuna Toronto?

Mechi ninayoirudia kila ninapotemwa ni ya Juni 2003, timu ya Houston Astros ugenini kwa Yankees wa New York. Roy Oswalt, aliyeanza, aliumia iningi ya pili, yaani kipindi cha pili kati ya tisa. Wakaingia wa akiba watano, mmoja baada ya mwingine, na Yankees hawakupata pigo salama, lile la kumfikisha mpigaji kwenye besi (kituo cha uwanjani), hata moja. Dotel aliingia ya nane, akawatoa wapigaji wanne kwa straiki (mirusho iliyowashinda) tatu tatu. Ndiyo, wanne, wakati iningi ina watu watatu wa kutolewa! Straiki ya tatu ya mmoja wao ilimponyoka mdakaji, mpigaji akawahi besi ya kwanza, ikabidi Dotel amtoe mwingine. Usiku ule kazi ilikuwa ya watu kama wewe na mimi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, pasha mkono kabla hujaitwa. Usihesabu iningi ulizonyimwa. Lala mapema, tunza bega, pasha mkono. Vijana wengi mnataka kuanza kabla hamjajua kumaliza, halafu mnamlaumu kocha. Pasha mkono!

Aprili 2025 paa la ukumbi wa muziki liliporomoka Santo Domingo, mji mkuu wa kwao Dotel, naye akawa miongoni mwa waliofariki. Usiku ule nilitoka nje nikarusha mipira ukutani mpaka jirani akafungua dirisha.

Kesho saa kumi na moja alfajiri napanda basi kwenda majaribio kwenye timu ya tano. Nitumie video ya urushaji wako, mmoja wa ubavuni na mmoja wa nyuma, nione mkono unavyouachia mpira. Nitaiangalia njiani.