Kulipia safari ya meli ukiwa Mbeya: uliza fedha gani, uliza bei ya nchi gani

Bei ya safari ya meli ya kitalii haijakamilika mpaka ujue mambo mawili: imeandikwa kwa fedha gani, na imepangwa kwa ajili ya mteja wa nchi gani. Chumba kilekile, meli ileile, tarehe ileile, kinaweza kuwa na bei moja kwa Mwingereza, nyingine kwa Mmarekani na nyingine kwa mtu wa Afrika Kusini. Nina kiofisi cha kukatia watu tiketi hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Wateja wangu wengi ni wa ndege tu, ila wa meli nao wameanza kuja: mkulima wa parachichi kutoka Rungwe, mfanyabiashara wa mchele kutoka Mbarali, wazazi ambao watoto wao walioko ughaibuni wanataka kuwapa zawadi ya ndoa kufikisha miaka mingi. Haya ndiyo ninayowaambia wakikaa kwenye kiti cha mbele yangu.

Watu wa huku hawana haja ya kufundishwa kwamba bei inategemea wewe ni nani. Ukifika geti la Ruaha, Mtanzania analipa elfu chache za shilingi, na Mzungu aliye nyuma yako kwenye foleni analipa makumi ya dola. Boti za Unguja nazo zina nauli ya mwenyeji na nauli ya mgeni. Tofauti ni kwamba getini kuna ubao unaosema wazi. Kampuni za meli hazibandiki ubao. Zina ofisi ya mauzo kwa kila soko, na kila soko lina ushindani wake, likizo zake za shule na sheria zake za matangazo. Bei ya pauni hupangwa miezi mingi kabla ya safari. Pauni ikipanda au ikishuka dhidi ya dola katikati hapo, tovuti ya Uingereza haibadiliki siku hiyohiyo, na ndipo mwanya unapotokea: leo nafuu iko London, mwezi ujao imehamia kwingine.

Sisi mara nyingi hatumo kabisa kwenye orodha ya nchi. Ukifungua tovuti kwa simu yako ukiwa Soweto au Uyole, hapahapa Mbeya, inasoma uko wapi, haikuelewi, inakutupia bei ya kimataifa kwa dola. Juu au chini kabisa ya ukurasa huwa kuna sehemu ya kuchagua nchi. Ibadilishe uone. Fungua bei tatu, ziandike kwenye daftari, lakini usizilinganishe kwanza, kwa sababu hazijabeba vitu sawa.

Uingereza na Ulaya bei inayotangazwa lazima iwe na kodi na ada zote za lazima ndani yake. Marekani kwa miaka mingi walikuwa wanatangaza nauli tupu, halafu ushuru wa bandari na ada nyingine vinakuja ukurasa wa mwisho. Hilo limepungua tangu Julai 2024, sheria ya jimbo la California ilipoanza kulazimisha bei kamili, na kampuni kubwa zikaona bora zibadilishe kwa Marekani nzima. Bahshishi ya wahudumu bado ni hadithi nyingine. Meli nyingi za Kimarekani zinakata kwa kila mtu, kwa kila siku, na kwa vyumba vya kawaida huwa ni kati ya dola 16 na 20. Meli kadhaa zinazouzwa kwa Waingereza na Waaustralia zimeshaiweka ndani ya nauli.

Sasa nikuonyeshe hesabu moja kama nilivyomfanyia mzee mmoja wa Tukuyu. Binti yake anaishi Leeds, naye alikuwa ameshampigia simu kumwambia bei za Marekani ndizo rahisi. Namba nimezisawazisha ili zisomeke, lakini mwenendo ni uleule. Wiki moja Mediterania, yeye na mama. Tovuti ya Marekani inasema dola 1,800 kwa wote wawili. Ya Uingereza inasema pauni 1,500, bahshishi ikiwa ndani. Chukua pauni kwa dola 1.30: pauni 1,500 ni dola 1,950. Kwa macho, Marekani imeshinda. Ongeza bahshishi upande wa Marekani: dola 17, mara watu wawili, mara siku saba, unapata 238. Sasa Marekani imefika dola 2,038 na Uingereza imebaki 1,950. Tofauti ni dola 88, na ukiweka dola kwa shilingi 2,500 hiyo ni laki mbili na ishirini elfu.

Mzee akasema, "Basi mwanangu, tukate ya Uingereza."

Nikamwomba asubiri kidogo, kwa sababu bei ya nchi inakuja na masharti ya nchi. Ukinunua kwa bei ya Marekani, mara nyingi advansi, yaani malipo ya kwanza, inarudishwa ukighairi kabla ya tarehe ya kumalizia malipo, na bei ikishuka kabla ya siku hiyo unaweza kuomba urekebishiwe. (Wana pia nauli za bei ya chini ambazo advansi yake hairudi, kwa hiyo soma.) Kwa bei ya Uingereza, kwa kawaida advansi imekwenda siku ileile unayolipa. Mzee na mama hawakuwa bado na viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya. Viza hiyo ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, ukinyimwa hairudi, na kwa mtu wa Tukuyu kuna safari ya Dar juu yake. Kufunga advansi isiyorudi wakati hujui kama utapewa viza ni kuhatarisha fedha nyingi zaidi ya hiyo laki mbili na ishirini. Wakakata ya dola, wakalipa advansi inayorudi, wakaenda kuomba viza. Mimi ndivyo ninavyopima siku zote: viza ikiwa mkononi, nafuata bei, viza ikiwa bado, nafuata masharti.

Na kama meli inatoka nje ya eneo la Schengen katikati ya safari, tuseme inagusa Uturuki halafu inarudi Ugiriki, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Watu wanasahau hili.

Kuna jaribu ambalo vijana hasa wanalipenda: kujiandikisha kwa anwani ya ndugu aliyeko nje ili kupata bei ya huko. Sikushauri. Kampuni nyingi zina bei za wakazi tu, na siku ya kupanda zinaweza kukudai kithibitisho, kama leseni ya udereva ya jimbo husika. Ukikosa, unalipishwa tofauti palepale bandarini au unaachwa. Hata wakala wa Marekani au Uingereza mara nyingi amefungwa na mkataba asiuze kwa mtu anayeishi nje ya soko lake. Binti akiwa mkazi wa Leeds na anawalipia wazazi wa Tanzania, amuulize wakala kwa maandishi kama abiria wasio wakazi wanaruhusiwa kwenye bei ile, na jibu alitunze.

Tuje kwenye shilingi, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapotea bila kelele.

Kiwango unachosikia kwenye taarifa ya habari ni cha wastani, na wewe hutauziwa kwa hicho. Benki ina bei ya kununua dola na bei ya kuuza, na mteja wa meli ananunua, kwa hiyo anabebeshwa ile ya juu. Juu yake kadi nyingi zina asilimia ya muamala wa nje. Kabla ya kubonyeza kitu, nenda kaunta au piga simu uulize maswali mawili: leo mnaniuzia dola kwa ngapi, na kadi yangu ikilipia nje mnakata asilimia ngapi? Karani akikujibu "inategemea", muulize inategemea nini. Usione haya.

Halafu kuna muda. Advansi unalipa leo, salio unalipa pengine siku 90 kabla ya safari, na shilingi haikusubiri. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, na kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi karibu 2,400. Kwenye salio la dola 2,000, mwanya wa shilingi 300 ni laki sita. Hakuna anayejua itaelekea wapi, na anayekuambia anajua anakuuzia kitu. Mwenye akaunti ya dola benki anaweza kununua kidogokidogo kila anapouza mzigo, hadi salio litimie. Wale wa parachichi wanaolipwa kwa dola wana bahati zaidi: walipe kwa kadi ya akaunti hiyohiyo ya dola. Nimeona mtu akigeuza dola zake kuwa shilingi, halafu analipia meli ya dola kwa kadi ya shilingi. Amekatwa mara mbili kwa fedha ambayo tayari alikuwa nayo.

Wengine wanapenda kutuma kwa benki moja kwa moja. Inafaa kwa kiasi kikubwa, lakini ujue benki za katikati nazo zinamega. Unatuma dola 2,000, zinafika pungufu ya hapo, na kampuni inakuandikia kwamba hujamaliza deni. Mwambie karani kwenye fomu kwamba gharama zote azibebe mtumaji.

Na hili lishike sana: tovuti au mashine ya kadi ikikuuliza kama ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua fedha iliyo kwenye ankara. Ankara ikiwa ya dola, dola. Kile kitufe cha "lipa kwa TZS" kinapendeza kwa sababu unaona namba unayoijua, lakini kiwango chake kimepangwa na mwenye mashine na kampuni inayomhudumia, na faida ya humo ni yao. Melini ni vilevile. Humo ndani hulipi kwa noti. Kadi yako inasajiliwa siku ya kwanza na deni linakusanywa hadi usiku wa mwisho. Nenda mapokezi mapema ukaseme utozwe kwa fedha ya meli, kwa sababu baadhi ya meli zinageuza zenyewe usiposema.

Kwa wakala wa hapa nyumbani sheria iko wazi. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 28, 2025 zinakataza kutangaza au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Nauli ya kampuni ya nje itakwenda nje kwa dola kupitia benki, sawa. Ada ya wakala wa Mbeya au Iringa ni shilingi. Akikuambia umletee dola taslimu za ada yake, geuka utoke.

Kwa wasiotaka habari za viza ya Ulaya, nawaelekeza Durban. Msimu wa joto wa kule, kuanzia mwishoni mwa mwaka, kampuni ya meli ya MSC imekuwa ikitoa safari fupi kutoka Durban kwenda pwani ya Msumbiji, na Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90 kwa mwaka. Unapanda ndege Songwe, unapitia Dar na Johannesburg. Bei ya soko la kule ni ya rand, na kwa siku chache melini huwa ni nafuu sana ukilinganisha na Mediterania. Ila ndege ndiyo inakula, kwa hiyo piga hesabu ya safari nzima kabla ya kufurahia bei ya chumba. Hapa kwetu rand mara nyingi unauziwa kwa kupitia dola, yaani shilingi kwenda dola, dola kwenda rand, na kila hatua ina mkato wake. Kwa rand, kadi huwa inanipa matokeo mazuri kuliko kaunta.

Wako pia wanaopenda Ziwa Nyasa. Meli ya MV Mbeya II upande wetu wa Kyela haina utata, ni shilingi. Ukivuka mpaka wa Kasumulu kwenda kupanda meli ya Malawi, unaingia kwenye kwacha. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa mkupuo, bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44, na mwenye kwacha zilizobaki kwenye begi aliamka maskini kidogo. Badilisha za kutosha safari, zilizobaki zimalizie hukohuko. Na mpakani, Kasumulu au Tunduma, tumia duka lenye leseni. Vijana wa mabunda wana maneno matamu, lakini kubadilishia kwao ni kosa, na upande wa Tunduma bado yupo atakayekupa noti za zamani za Zambia, zile za kabla ya Januari 2013 walipokata sufuri tatu. Zina sufuri nyingi na hazinunui hata maji.

La mwisho ni safari ikifutwa. Kampuni ikikurudishia dola zako zote, bado utapokea shilingi pungufu, kwa sababu uliponunua ulitumia bei ya kuuza ya benki na zikirudi benki inakununulia kwa bei yake ya chini. Kama una akaunti ya dola, lipia kutoka humo tangu mwanzo, ili fedha ikirudi itue humohumo. Na kadi uliyolipia usiifunge kabla ya safari kwisha, maana fedha ya kurudishwa huwa inarudi kwenye kadi ileile iliyolipa, na kuifuatilia kwenye kadi iliyokufa ni miezi ya barua pepe.