Jaribio Limepita, au Halikufanyika?

Niliwahi kutembea siku mbili kifua mbele kwamba majaribio yangu ya funguo za ulinzi wa kumbukumbu (namba zinazobandikwa kwenye kurasa za kumbukumbu ili programu izifunge au kuzifungua kwa pamoja) yamepita kwenye prosesa za aina tatu. Kumbe kwenye mbili hayakufanyika kabisa. Programu iliita pkey_alloc, yaani iliiomba Linux ufunguo, ikajibiwa ENOSPC (kosa la "hakuna nafasi"), ikadhani funguo zimekwisha, ikatoka kimyakimya na kuhesabiwa imefaulu.

ENOSPC hiyo ina ujanja. Linux huirudisha funguo zikiisha, na huirudisha vilevile kama prosesa haina ufunguo hata mmoja. Kwa hiyo siku hizi naomba ufunguo mmoja mara tu programu inapoanza. Nikinyimwa hapo, hakuna kilichokwisha. Mashine haina, na jaribio linaandikwa "limerukwa". Kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) unaweza pia kutafuta neno ospke ndani ya /proc/cpuinfo.

Halafu acha kuandika 16 kwenye msimbo. Ni idadi ya x86, iliyotenga biti 4 katika jedwali la kurasa. ARM, ambayo Linux ilianza kuhudumia funguo zake katika toleo 6.12 mwaka 2024, ina 8. Power, prosesa za IBM, ina 32 kwa maandishi, ila baadhi huwa zimeshikwa kabla hujafika. Omba mpaka unyimwe, ndipo uhesabu. Ukubwa wa ukurasa nao uuliziwe sysconf: mimi nilizoea 4096, nikafika kwenye Power yenye kurasa za KB 64, na pkey_mprotect, inayobandika ufunguo kwenye ukurasa, ikaikataa anwani yangu kwa EINVAL (kosa la "thamani isiyofaa") kwa kuwa haikuangukia mwanzo wa ukurasa.

Kilichonitoa jasho zaidi ni rejista, ile sehemu ndogo ndani ya prosesa inayoshika ruhusa za kila ufunguo. Kwenye PKRU ya x86, biti ikiwa 1 inakataza. Kwenye POR_EL0 ya ARM, 1 inaruhusu. Yaani sifuri ileile inayofungua kila kitu huku, kule inafunga kila kitu. Power nayo huanza kuhesabu kutoka juu: ufunguo 0 unakaa kwenye biti za mwisho kabisa kushoto mwa AMR, rejista yake. Ficha tofauti hizi kwenye faili moja kwa kila prosesa, jaribio lenyewe lisizijue.

Sasa ishara. Kupata SIGSEGV, ishara ambayo kerneli (kiini cha Linux) huitumia programu iliyogusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, peke yake si ushahidi. Hata pointa mbovu huileta. Kwenye taarifa zinazokuja na ishara, hakikisha si_code ni SEGV_PKUERR (kosa la ufunguo) na si_pkey ni ufunguo uleule uliofunga. Mimi nilifika hapo, nikaufungua ufunguo ndani ya msimbo unaopokea ishara, nikarudi, na skrini ikajaa mstari mmoja bila kukoma. Kwenye x86 kerneli huhifadhi rejista kabla ya kukukabidhi ishara, kisha huirejesha ilivyokuwa unapotoka. Mabadiliko yako yanafutika, maagizo yaleyale yanagonga ukuta uleule. Dawa ni kubadilisha nakala iliyohifadhiwa pamoja na ishara. ARM nayo inataka hivyohivyo, wakati kwenye Power kubadilisha rejista yenyewe kunatosha, na ndiyo maana msimbo uliozaliwa kwenye Power unaweza kukwama kwingine bila kosa lolote la kuonekana.

Jaribio moja ambalo wengi hulisahau: funga ukurasa, kisha iambie read(), ambayo huiomba kerneli isome data na kukuwekea, iandike humo. Usisubiri ishara. Utarudishiwa EFAULT (kosa la "anwani mbaya") tu, na kama hukukagua jibu la read(), hutajua kwamba ulinzi ulifanya kazi.