Kidonda Kikigoma Kupona, Omba Usaha Upimwe

Huku Uyole, Mbeya, msimu wa kuvuna viazi ni msimu wa vidonda. Jembe likiteleza, muundi ndio unaolipa. Na tiba ni ileile nyumba hadi nyumba: kapsuli ya rangi mbili inafunguliwa, unga unamwagwa kwenye kidonda, kitambaa kinafungwa, mtu anarudi shambani.

Nimemuuguza shemeji yangu kwa kidonda cha namna hiyo. Ule unga uliganda ukawa gamba. Juu pakavu, chini usaha unatunga. Akanunua amoksilini, si dozi, vidonge vya hela aliyokuwa nayo mfukoni. Maumivu yalipotulia akaacha. Mguu ulipovimba tena, jirani akamtajia dawa "kali" zaidi, akaihamia.

Ukali wa dawa hausaidii kitu kama haimgusi bakteria. Usaha mwingi wa ngozini huletwa na bakteria waitwao stafilokokasi. Penisilini na jamaa zake, amoksilini ikiwemo, huwaua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wao. Lakini wapo sugu, walioripotiwa Uingereza tangu 1961, ambao hujenga ukuta kwa protini ambayo dawa hizo hazishikamani nayo vizuri. Hapo hata umeze mara mbili, ni kazi bure.

Hospitalini walifungua kidonda, wakakamua, wakaosha, wakachukua usaha kwa kijiti cha pamba kabla ya kumpa dawa mpya. Maabara huuotesha, kisha hujaribu dawa mojamoja kuona ipi inawazuia bakteria. Majibu huchukua siku kadhaa, na shemeji alinung'unika kweli, lakini ndiyo yaliyomwonyesha dawa iliyomponya. Si kila zahanati ina kipimo hiki. Uliza hospitali ya mkoa au ya rufaa. Na uliza kabla hujameza kitu kingine, maana dawa iliyomo mwilini inaweza kuwaficha bakteria wasiote maabara.

Jipu dogo, mara nyingi kulipasua na kulikamua kitaalamu kunatosha bila antibayotiki. Usilibinye mwenyewe. Kidonda kibichi kioshe papo hapo kwa sabuni na maji safi yanayotiririka (baridi ya Juni isiwe kisingizio, pasha maji), ukaulizie sindano ya pepopunda. Taulo yako iwe yako.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo pima kwa mkono: pakiwa pa moto, pagumu, uvimbe unapanda au homa imeingia, nenda siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asingoje hata hayo.