Maswali ya Wasomaji: Kutuma Hadithi na Michoro ya Mwanza Ijayo

Tangu tutangaze toleo la jarida letu kuhusu Mwanza ya wakati ujao, maswali yamemiminika. Tumechagua yale ambayo jibu lake litamfaa zaidi ya aliyeuliza, na baadhi tumeyafupisha.

Nimeandika hadithi ya mwaka 2090. Bahari imepanda mpaka Mwanza na watu wamekimbilia juu ya mawe. Rafiki yangu anasema haiwezekani; mimi namwambia hadithi ni ubunifu. Mtuamulie. (Msomaji, Igoma)

Rafiki yako ana haki kuhusu bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata barafu yote ya dunia ikiyeyuka, bahari haipandi mita 100. Msomaji wa Mwanza atalijua hilo kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza, na kuanzia hapo hatakuamini tena, hata ukimweleza habari za kweli.

Ila usiitupe hadithi. Badili chanzo cha maji. Karibu sehemu 4 kati ya 5 za maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mengi hurudi angani kama mvuke, na yanayobaki hutokea Jinja, Uganda, kuingia Mto Nile, ambako tangu 1954 kuna bwawa linaloyaachia kwa kipimo. Kwa hiyo mvua kubwa za misimu michache zikifuatana, ziwa hupanda. Mei 2020 lilipanda kuliko wakati wowote kabla ya hapo tangu vipimo vianze, na watu wa mialoni, wanakoshushia samaki, hawajasahau. Una tukio halisi la kuanzia, na una mlango kule Jinja ambao wahusika wako wanaweza kuugombania: wa juu wanataka ufunguliwe, wa chini wanataka ufungwe.

Angalia na ukubwa wa mafuriko. Ziwa likipanda mita 2, kilima cha Bugando hakizami na vilima vya Mabatini havizami. Kinachozama ni mwalo, gati, vichanja vya kuanikia dagaa, visima na vyoo vya kando ya maji. Choo kikizama, maji ya kunywa yameharibika na kipindupindu kiko njiani. Hapo pana hadithi yenye uzito kuliko mji mzima uliofunikwa na maji, maana mtu bado yuko nyumbani kwake, ndoo mkononi, na hajui ateke wapi.

Njia tunayoipenda ni hii: badili kitu kimoja tu, halafu kifuate mpaka jikoni. Chukua dagaa. Wavuvi wake hutoka siku za giza, kwa sababu mwezi mpevu ukiwaka taa zao hazivuti kitu. Zamani walitumia karabai, siku hizi taa za sola. Sasa tuseme mwaka 2070 kuna vioo angani vinavyorudisha mwanga wa jua usiku ili miji isilipie taa za barabarani. Giza limekwisha. Mvuvi anakaa bure, mama mwanikaji wa Kirumba hana cha kuanika, chakula cha kuku kinapanda bei kwa sababu ndani yake mna dagaa, na yai nalo linapanda. Umebadili kitu kimoja, na kimefika hadi kwenye chai ya asubuhi ya mtu ambaye hajawahi kuona mtumbwi.

Jambo dogo, lakini limejitokeza katika kazi kadhaa: mhusika wa mwaka 2060 anangoja kivuko pale Kigongo aende Busisi. Daraja la pale, la kama kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Ukimweka mtu kwenye kivuko, tuambie daraja limepatwa na nini.

Nilituma mchoro wa rangi kwa WhatsApp, nikajibiwa kuwa ni mdogo mno kuchapika. Kwenye simu yangu unajaa kioo kizima. Tatizo ni nini? (Mchoraji, Kirumba)

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana. Upande mrefu hubaki kama nukta (pikseli) 1,600. Kwenye kioo cha simu hiyo ni picha nzuri, lakini mashine ya uchapaji inataka nukta 300 kwa kila inchi. Gawa 1,600 kwa 300: unapata inchi 5 na kidogo, sawa na sentimita 13 na nusu. Ukurasa wetu ni wa A5, urefu sentimita 21. Tukiuvuta ufike huko, kingo zinakuwa na ukungu na mistari myembamba inakatika vipandevipande.

Tuma picha ileile kama hati: bonyeza alama ya kiambatisho, chagua hati, kisha tafuta faili lenyewe. Hapo haibanwi. Barua pepe ni bora zaidi. Mchoro wa ukurasa mzima uwe na nukta zisizopungua 1,819 kwa 2,551. Kipimo hicho tayari kina milimita 3 za ziada kila upande, kwa sababu kisu cha kukatia karatasi hakipiti mahali palepale kila mara. Usiweke uso wa mtu wala sahihi yako karibu na ukingo. Acha angalau sentimita 1.

Kabla ya hapo kuna suala la namna ulivyoupiga picha, na michoro mingi huharibikia hapo. Ubandike ukutani, kwenye kivuli cha nje, saa 3 au saa 4 asubuhi. Jua likipiga moja kwa moja, rangi za maji hung'aa na penseli hupotea. Mchana upepo wa ziwani huanza na karatasi hucheza, kwa hiyo tumia vibanio pembe zote nne. Simu iwe usawa wa katikati ya mchoro. Ukiiinamisha, mstatili unakuwa kama ungo uliobonyea upande mmoja, na hakuna tunachoweza kunyoosha bila kuharibu. Rudi nyuma hatua moja badala ya kusogea karibu sana, kisha ukague kioo: kingo nne za karatasi zilingane na kingo nne za picha. Zima flashi.

Ukienda kuskani dukani, mwambie muhusika akuwekee nukta 300 kwa mchoro wa rangi na 600 kwa mchoro wa kalamu tupu, na akupe JPEG au TIFF. Usipomwambia, mara nyingi atakuskania kama cheti: PDF, nukta 150 au 200, rangi zimepauka. Karatasi ya manila haienei kwenye skana ya A4. Iskani vipande viwili vinavyoingiliana sentimita 4 hivi, nasi tutaviunga.

Na mwisho, kurasa zetu za ndani ni nyeusi na nyeupe. Igeuze picha yako iwe ya kijivu kwenye simu kabla ya kuituma. Tanga jekundu juu ya gugumaji la kijani linapendeza kwa rangi, lakini wekundu na ukijani wenye uzito sawa hutoa kijivu kimoja, na mashua yako yote humezwa na majani. Ongeza giza upande mmoja, au zungushia tanga mstari wa wino.

Shikamooni wahariri. Niko kidato cha tatu, Nansio. Sina kompyuta. Naweza kutuma hadithi iliyo kwenye daftari? Na shairi je? (Mwanafunzi, Ukerewe)

Marahaba, mwanetu. Unaweza. Andika upande mmoja wa karatasi, ruka mstari mmoja, weka namba kila ukurasa, halafu piga picha kwa mpangilio huohuo. Kwa kuwa hujafikisha miaka 18, ambatisha ruhusa ya mzazi au mlezi yenye sahihi yake. Mistari miwili inatosha.

Ukipata simu ya kuandikia, zima kwanza masahihisho ya Kiingereza, au ongeza Kiswahili kwenye kibodi. Simu ya Kiingereza huona "wale" ikaandika "whale", yaani nyangumi, na mwandishi hagundui. Hakiki pia ng' yenye ritifaa: "ngombe" na "ng ombe" hutufikia kila wiki.

Hadithi isizidi maneno 2,500. Wengi hudhani tunapunguza ovyo, kwa hiyo tueleze. Jarida letu hushonwa kwa pini katikati, na karatasi moja iliyokunjwa hutoa kurasa 4. Ukurasa wa A5 hubeba maneno 300 hivi, kwa hiyo hadithi yako ni kurasa 8 au 9. Ikizidi ukurasa mmoja, hatuwezi kuongeza mmoja. Tunaongeza 4, na mchapaji anatoza 4.

Shairi tunalipokea kwa mikono miwili, la arudhi au huru. Ukiandika la arudhi, hesabu upya maneno mageni, maana ndiyo yanayovunja mizani ya mashairi ya wakati ujao. "Setilaiti" ina mizani 5, se-ti-la-i-ti. Wengi huihesabu 4, na mshororo unazidi bila wao kujua. Usome kwa sauti huku ukigonga meza.

Mnapokea michoro iliyotengenezwa na akili unde? (Msomaji, Nyakato)

Hapana kwa toleo hili. Kama umeitumia kutafuta taarifa au kukagua tahajia, sema hivyo kwenye barua na hutapoteza kitu. Mchoro tunautaka wa mkono wako. Tumeona ziwa lililotengenezwa na programu likiwa na minazi ufukweni na jahazi la Pwani, na hiyo si Mwanza.

Hadithi yangu niliwahi kuiweka kwenye kundi la WhatsApp. Imeshachapishwa? Na mtu akiniibia wazo? (Mwandishi, Sengerema)

Kundi la marafiki kwetu si uchapishaji. Ukurasa wa wazi unaosomwa na yeyote, ndiyo. Ukiwa na shaka, tuambie mapema, maana tukigundua baada ya kupanga kurasa itabidi tuiondoe, na nafasi yake imekwishapotea. Unaweza kuituma pia kwa jarida jingine, ila liandike jambo hilo kwenye barua, na wakikubali kwanza utujulishe siku hiyohiyo.

Kuhusu wizi: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia kuthibitisha, lakini si sharti la kuwa na haki. Kinacholindwa ni maandishi yenyewe. Wazo la "ziwa limekauka" halina mwenyewe, na ziwa hili liliwahi kukauka kweli miaka zaidi ya 15,000 iliyopita. Tunza rasimu zako za mwanzo pamoja na tarehe zake.

Sisi tunaomba haki ya kuchapa mara ya kwanza, basi. Kazi inabaki yako, na baadaye unaweza kuiingiza kwenye kitabu. Ukipewa mkataba popote wenye maneno "haki zote" na "daima", usitie sahihi kabla hujamwonesha mtu anayeelewa.

Barua ya kuambatisha iwe na nini? (Wengi)

Mistari mitano: jina lako, jina la kalamu kama unalo, kichwa cha kazi, idadi ya maneno au kipimo cha mchoro, na unakoishi. Usitusimulie hadithi yote, tutaisoma wenyewe. Faili la maandishi liwe la Word, si PDF, na ulipe jina lako pamoja na kichwa cha kazi. Tukipokea faili 20 zinazoitwa "hadithi mpya", moja itapotea. Ukitumia jina la kalamu, andika pia jina lililosajiliwa kwenye namba yako ya simu, kwa sababu malipo hupita huko na majina yasipolingana tunalazimika kusimamisha.