Treki 8 zilitosha: kwa nini besi yako inageuka uji

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza biti nyumbani Mwanza, kwa laptopu. Kama zoezi nimeamua kuunda upya mdundo wa "Sweet Dreams (Are Made of This)" wa Eurythmics. Noti nimezipata, nimezihakiki kwa kinanda. Nimepanga sintesaiza 14 za programu, moja juu ya nyingine, lakini ninachopata ni uji. Besi inameza sauti ya dada anayeniimbia, halafu nikisikiliza kwenye simu besi hiyohiyo inapotea kabisa. Jamaa mmoja ananiambia wimbo ule ulirekodiwa kwa mashine ya treki 8 tu, yaani yenye njia nane tu za kuhifadhi sauti. Ni kweli? Na je, nijichange nitafute sintesaiza ya zamani ya analogi? – Prodyuza chipukizi, Mwanza.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hela yako iache mfukoni kwanza, maana ugonjwa umo kwenye hiyo namba 14.

Jamaa yako hakukudanganya. Annie Lennox na Dave Stewart, wawili waliokuwa Eurythmics, walirekodi wimbo ule darini, juu ya kiwanda cha fremu za picha, eneo la Chalk Farm, London. Chumba hakikuwa na kinga yoyote ya kelele. Walikopa benki wakanunua vifaa: mashine ya TEAC ya treki 8 inayotumia tepu ya nusu inchi, miksa ya Soundcraft, kifaa cha mwangwi wa springi, Space Echo ya Roland (mashine ya mwangwi wa tepu), na maikrofoni moja ya Beyerdynamic, M 201. Moja tu. Ngoma zilitoka kwenye kompyuta ya midundo iitwayo Movement, besi na vinanda vikatoka kwenye Roland SH-101 na Oberheim OB-X, na hiyo Oberheim ilikuwa ya kuazima.

Cha kuchekesha ni kwamba albamu yao ya kwanza, "In the Garden" ya 1981, waliifanya kwa heshima zote, kule Cologne, Ujerumani, na prodyuza Conny Plank, huku wapigaji wa bendi za Blondie na Can wakija kuwasaidia. Haikuuza. Albamu hii ya darini ilitoka Januari 1983, ikafika namba 3 Uingereza, na wimbo uliobeba jina la albamu ukashika namba 1 Marekani Septemba mwaka huohuo.

Sasa tuje kwenye uji wako. Nusu inchi ni milimita 12.7. Igawe mara 8, uache na nafasi kati ya treki na treki, kila moja inabaki na upana usiofika milimita 2. Treki nyembamba hivyo ina mvumo, ule "shhh" wa tepu. Mwenye mashine kama hiyo akijaza treki zote na bado anataka kuongeza kitu, hana budi kuchanganya treki kadhaa na kuzimwaga kwenye moja, kisha afute zile za mwanzo ili apate nafasi. Kila ukimwaga, mvumo unaongezeka, na uliyochanganya hayachanganuki tena. Ukikosea kiwango cha kiki, ile ngoma nzito ya chini, umekosea. Kwa hiyo mtu alikuwa anajiuliza mara tatu kabla ya kuongeza sauti moja. Wewe unabonyeza kitufe cha kujumlisha, inakuja treki ya 15, hakuna anayekuuliza kitu.

Weka hedifoni usikilize wimbo wenyewe kuanzia sekunde ya kwanza. Hesabu vinavyolia. Kiki inapiga kila pigo, nne kwa nne. Kuna mistari ya sintesaiza inayokwenda sambamba juu ya kodi tatu tu, C ndogo, A bapa, G, na mistari hiyo haijarundikwa katikati. Masikio yako yanadhani yanasikia ala moja kubwa, lakini ukivua upande mmoja wa hedifoni kisha mwingine utagundua kila upande una habari yake. Unene unaoutafuta wewe kwa sintesaiza 14 wao waliupata hapo, kwenye sintesaiza chache zinazosaidiana kuukamilisha mstari mmoja.

Kwako naamini kinachotokea ni hiki. Sauti nyingi za sintesaiza za programu zinakuja zikiwa zimeshatanuliwa stirio, kushoto na kulia, na ndani yake kuna osileta (vizalisha mawimbi ya sauti) kadhaa zilizopishanishwa kitoni kidogo ili zionekane pana. Ukisikiliza kwa hedifoni, tamu. Ukipeleka kwenye simu yenye spika moja, kushoto na kulia vinajumlishwa. Mawimbi yanayopanda upande mmoja yanakutana na yanayoshuka upande wa pili, yanafutana. Besi ndiyo inayoumia zaidi, na nitakuonyesha kwa hesabu. Nusu toni moja ina senti 100. Ukipishanisha osileta mbili kwa senti 6, kwenye A ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, zinapigana kama mara moja na nusu kwa sekunde, na hilo sikio linalipenda, linaita uhai. Kwenye C ya chini, ya hezi 65, senti hizohizo 6 zinaleta pigano moja kila baada ya sekunde 4 na ushee. Maana yake besi yako inavimba na kuzama taratibu, noti hii imo, noti ile haimo, na wewe unadhani kompresa, kile kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti, ndiyo mbovu. Sasa zidisha kwa 14.

Halafu kuna spika ya simu yenyewe. Chini ya hezi 200 hivi haina chake. Ikiwa besi yako yote inaishi kwenye hezi 65, simu itakuwa bubu hata kama hakuna kinachofutana. Besi ya "Sweet Dreams" inasikika hata kwenye karedio ka betri kwa sababu ina ukali wa juu, yale mawimbi ya ziada yanayotokea kwenye hezi 130, 195, 260 na kuendelea. Sikio likiyasikia hayo, lenyewe linajaza noti ya chini ambayo spika haikuitoa. Nenda kafungue filta, kile kichujio kinachokata sauti za juu. Najua mafunzo mengi ya mtandaoni yanasema besi ifungwe filta ili isisumbue. Hiyo ni besi ya muziki mwingine.

Nikiwa mimi, ningefuta treki 11. Usizizime tu, zifute, la sivyo saa sita usiku utazirudisha. Bakiza sintesaiza 3. Ya kwanza iwe besi ya mono (njia moja, siyo stirio), osileta moja ya wimbi la msumeno, na nyingine ya mraba chini yake oktava moja, bila koras (kinenepesha sauti) wala kitanua stirio chochote. Hivyo ndivyo SH-101 ilivyoumbwa: osileta moja, msaidizi mmoja wa oktava ya chini, filta, basi. Kila noti ianze ghafla na ife mapema kabla ya inayofuata, maana pengo kati ya noti ndilo linaloipa kiki nafasi ya kupumua. Hii isogeze kushoto kiasi. Ya pili ipige mstari unaojibu ule wa kwanza, oktava moja juu, ukae kulia, na hii unaweza kuipishanisha senti zako 6. Chini ya hezi 150 ikate kabisa, ili kule chini abaki mwenye nyumba mmoja. Ya tatu iwe ile sauti pana ya nyuzi, nayo iingie inapohitajika tu.

Kiki na sauti ya dada vikae katikati. Utashangaa. Bila kugusa ikwalaiza hata kidogo, dada atakuwa amepata nafasi, kwa sababu hakuna mtu aliyesimama mbele yake.

Mwangwi nao usiuweke kila mahali. Ule wa tepu wa Space Echo kila unaporudia unafifia ukali, hivyo unajificha nyuma ya sauti. Kwenye programu uige kwa kukata sauti za juu ya hezi 4,000 kwenye marudio. Mdundo wako ukiwa 125 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 480, nusu pigo 240. Jaribu 240 kwenye sauti, kisha jaribu 360. Mimi ningechagua 360, lakini hapo sasa ni ladha.

Jambo jingine ulilolisahau kwenye barua yako ni mashine kwenda pamoja. Itifaki ya MIDI, lugha ya ala za elektroniki kuwasiliana, ilionyeshwa hadharani Januari 1983, mwezi uleule albamu ilipotoka, kwa hiyo waliorekodi kabla ya hapo hawakuwa nayo. Kilichotumika sana enzi hizo kilikuwa mapigo ya umeme: mashine ya ngoma inatuma mshtuko mdogo, sekwensa ya SH-101, sehemu inayokumbuka noti na kuzipiga kwa mpangilio, inasogea noti moja. Hakuna noti inayojua ipigwe kwa nguvu kiasi gani, zote ni sawa. Kwa hiyo kwenye programu yako weka noti zote za besi nguvu moja na uzibane kwenye gridi. Kile kitufe cha kuzifanya "kama binadamu" usikiguse. Ubinadamu kwenye wimbo huu unatoka kooni mwa Annie Lennox, na ubaridi wa mashine ndio unaoufanya uonekane. Ukiilegeza mashine, sauti inakosa cha kushindana nacho.

Usipuuze vikorombwezo visivyo na umeme. Kwenye wimbo ule kuna chupa za maziwa zilizotiwa maji na kugongwa. Ukijaribu, kumbuka chupa ikigongwa, maji mengi huishusha noti, maji machache huipandisha. Ukiipuliza mdomoni mambo yanageuka, kwa sababu hapo kinacholia ni hewa iliyobaki ndani na siyo kioo. Niliwahi kupoteza jioni nzima kabla sijalielewa hilo, nikiongeza maji wakati nilitakiwa nipunguze.

Kuhusu sintesaiza ya zamani: hapana. Ina vitufe vinavyokwaruza, inataka fundi, na mawasiliano yake na laptopu yatakula siku zako. Hela hiyo nunua maikrofoni ya dainamiki. Ile M 201 yao ni ya aina hiyo, inasikia vizuri kilicho mbele yake na inapuuza sana cha pembeni, ndiyo maana iliweza kufanya kazi kwenye dari lisilo na kinga. Wewe umeniambia unarekodi nyumbani, na kama unatumia maikrofoni ya kondensa, iliyo nyepesi zaidi kunasa sauti, inanasa hadi bodaboda za barabarani. Mweke dada sentimita 10 kutoka kwenye maikrofoni, tundika blanketi nyuma yake, zima feni. Ukimaliza, nitumie toleo la treki chache na lile la treki 14, yote mawili, ila usiniambie lipi ni lipi.